Bei Hutangulia Habari: Namna ya Kulisoma Soko la Nairobi

Kila jioni, baada ya Soko la Hisa la Nairobi kufunga shughuli, taarifa za biashara huja na sababu zake. Hisa zimeshuka kwa kuwa wawekezaji wanahofia deni la taifa; zimepanda kwa kuwa Benki Kuu ya Kenya imepunguza riba; shilingi imeimarika kwa kuwa wauzaji wa chai na maua wameleta dola. Sababu hizo hutafutwa baada ya bei kujulikana, na ndiyo maana hazikosekani kamwe. Riba ikipunguzwa na hisa za benki zikapanda, tutaelezwa kwamba wakopaji watarejea. Zikishuka siku hiyohiyo, tutaelezwa kwamba faida ya mikopo itapungua. Maelezo yanayotosheleza matokeo mawili yanayopingana hayamsaidii mtu anayetaka kuamua leo kama atanunua, atauza au atasubiri.

Ninaandika nikiwafikiria wale wanaozidi kuingia katika soko hili bila mchambuzi wa kuwashauri: mwalimu mwenye akiba katika SACCO, chama cha kuweka akiba pamoja kinachotaka kuhamisha fedha kutoka kwenye ploti hadi kwenye hatifungani, yaani mikopo ya muda mrefu ambayo serikali huilipia riba, kijana aliyefungua akaunti kwa simu tangu Soko liliporuhusu, Agosti 2025, mtu kununua hata hisa moja badala ya kuanzia 100. Wengi wao hutegemea vichwa vya habari na jumbe za WhatsApp. Naamini wanaweza kulisoma soko vizuri kuliko wanavyodhani, mradi waache kuuliza kama habari ni nzuri au mbaya na waanze kuuliza mambo mawili: wenye fedha walikuwa wametarajia nini kabla ya habari hiyo, na ni nani aliyelazimika kununua au kuuza ilipotoka. Bei husogezwa na umbali uliopo kati ya matarajio na matukio, na husogezwa zaidi pale ambapo mtu hana hiari ya kusubiri.

Hakuna kipindi kinachoonyesha jambo hili waziwazi kama Februari 2024. Mwaka 2014 Kenya ilikuwa imekopa dola bilioni 2.75 katika masoko ya kimataifa kwa zile hatifungani ambazo tumezoea kuziita Yurobondi, na sehemu kubwa ya deni hilo, iliyokuwa na riba ya asilimia 6.875, ilipaswa kulipwa kwa mkupuo mmoja Juni 2024. Kwa zaidi ya mwaka mzima, swali la kama Hazina ingepata fedha hizo lilitawala mazungumzo yote ya kifedha mjini. Zambia ilikuwa imeshindwa kulipa mwaka 2020, Ghana ikasimamisha malipo Desemba 2022, Ethiopia ikakosa malipo yake Desemba 2023, na wakopeshaji hawakuhitaji kushawishiwa sana ili waiweke Kenya katika orodha hiyo. Dola iliyokuwa takriban Sh123 mwishoni mwa 2022 ilikuwa imevuka Sh160 kufikia Januari 2024.

Katikati ya safari hiyo, Machi 2023, Rais William Ruto aliwaonya hadharani waliokuwa wakihodhi dola kwamba wangejikuta wamepata hasara. Onyo hilo halikuizuia dola kupanda, na si vigumu kuona kwa nini. Mwagizaji wa mitambo au mafuta ya kupikia anayejua ana malipo ya miezi mitatu ijayo, naye anaamini dola itakuwa ghali zaidi, huzinunua leo. Muuza maua anayelipwa kwa dola huchelewa kuzibadilisha. Mwenye akiba benki huhamisha sehemu yake hadi akaunti ya dola. Kila mmoja anafanya lililo la busara kwake, na jumla ya busara zao ikawa shilingi iliyoporomoka kupita kiwango ambacho biashara ya nchi na nchi nyingine ingeweza kukieleza. Bei ya Sh160 ilikuwa imebeba ndani yake hofu ya Juni.

Kisha, katika muda wa siku chache za Februari, mambo matatu yakafuatana. Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 12.5 hadi 13. Serikali ikauza Yurobondi mpya ya dola bilioni 1.5 na kutumia sehemu kubwa ya fedha hizo kuinunua tena ile ya 2014 kabla ya muda wake. Na mnada wa hatifungani ya miundombinu ya miaka 8.5 ukavutia maombi ya zaidi ya Sh280 bilioni, ilhali Hazina ilikuwa imeomba Sh70 bilioni tu. Hazina ikachukua takriban Sh240 bilioni kwa riba ya karibu asilimia 18.5, isiyotozwa kodi.

Tukizipima habari hizo kwa mizani ya uzuri na ubaya, zilikuwa mbaya. Nchi ilikopa ili ilipe deni, na wakopeshaji wakadai mapato yanayozidi asilimia 10 kwa dola, bei iliyo mbali na ile ya miaka kumi nyuma. Wengi walilalamika, na walikuwa na haki, kwa sababu gharama hiyo italipwa na mlipakodi hadi 2031. Hata hivyo shilingi ilipanda kwa kasi ambayo wachache walikuwa wameiona katika maisha yao, na kufikia mwisho wa Machi dola ilikuwa takriban Sh131. Aliyeisoma habari kama gharama alibaki ameshika dola zake. Aliyejiuliza soko lilikuwa limehofia nini aliona kwamba swali la Juni limejibiwa mapema, na kwamba wote walionunua dola kwa sababu ya swali hilo walikuwa wamebaki bila sababu ya kuzishikilia. Wakaanza kuziuza pamoja. Wageni nao walileta dola ili washiriki mnada wa hatifungani ya miundombinu. Wanunuzi waliokuwa wamelazimishwa na hofu waligeuka wauzaji waliolazimishwa na hasara, na ndiyo sababu mwendo ulikuwa mkali kuliko habari zenyewe zilivyostahili.

Soko la hisa lilifuata. Fahirisi ya hisa zote, yaani kipimo cha mwendo wa bei za hisa zote sokoni, ambayo ilikuwa imeanguka kutoka takriban 127 mwishoni mwa 2022 hadi takriban 92 mwishoni mwa 2023, ilifunga 2024 ikiwa karibu 123. Katika mwaka huohuo tuliona maandamano, vifo, mswada wa fedha kutupiliwa mbali na madaraja ya mikopo ya nchi kushushwa. Mtu aliyefuata vichwa vya habari peke yake angekaa nje ya soko mwaka mzima.

Naomba tutulie kidogo kwenye riba ya serikali, kwa sababu katika nchi hii ndiyo inayopanga bei ya karibu kila kitu kingine, na ndiyo sehemu ambayo mwekezaji mdogo anaweza kuifanyia hesabu mwenyewe. Chukua hatifungani ya Sh100,000 ya miaka 10 inayolipa asilimia 13 kwa mwaka, yaani Sh13,000 kila mwaka, kisha Sh100,000 zenyewe mwishoni. Siku ya kununua, riba ya soko ni hiyohiyo 13, na hatifungani ina thamani ya Sh100,000. Riba ya soko ikipanda hadi asilimia 16, hakuna atakayekulipa Sh100,000 kwa karatasi inayotoa 13 wakati dirisha la pili linatoa 16. Ukitaka kuiuza, utapata takriban Sh85,500. Riba ikishuka hadi 10, karatasi hiyohiyo itatakiwa sana na utaiuza kwa takriban Sh118,400. Hakuna kilichobadilika katika ahadi ya Hazina. Malipo ni yaleyale, tarehe ni zilezile. Kilichobadilika ni kile ambacho fedha ingepata mahali pengine.

Hesabu hiyo ndiyo inayowashtua wanachama wengi wa vyama na SACCO, ambao wameambiwa kwamba hatifungani ya serikali haina hasara. Haina hasara kwa anayeweza kusubiri hadi mwisho, ikiwa serikali italipa. Kwa anayehitaji fedha katikati, hasara ipo, na inaweza kuwa kubwa. Kwa hiyo jambo la kwanza ambalo chama kinapaswa kulijadili kabla ya kununua ni lini wanachama watazihitaji fedha hizo: karo ya Januari, harusi, ununuzi wa shamba. Riba inayotangazwa ni jambo la pili.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayozishusha hisa. Mwanzoni mwa 2024, hati za Hazina za siku 91, yaani mikopo ya muda mfupi kwa serikali, zilikuwa zikilipa zaidi ya asilimia 16. Fikiria hisa inayouzwa Sh20 na kutoa gawio (sehemu ya faida anayolipwa mwenye hisa) la Sh1.60, yaani asilimia 8. Kampuni inaweza kuwa imara, ina wateja, ina faida. Lakini meneja wa mfuko wa pensheni hapa Upper Hill anaweza kupata maradufu ya gawio hilo kutoka kwa serikali, bila kuwaza juu ya mauzo ya kampuni yoyote. Ataitaka hisa hiyo kwa bei ya chini zaidi, au ataiacha. Serikali inapokopa kwa bei kubwa, hushindana na kila kampuni iliyoorodheshwa kwa fedha za Wakenya wale wale. Ndiyo maana nafuu ilipokuja, ilikuja kwa mapana: Benki Kuu ilianza kupunguza riba Agosti 2024, kutoka 13 hadi 12.75, ikaendelea hatua kwa hatua hadi asilimia 9 kufikia Desemba 2025, na hati za siku 91 zikashuka hadi karibu asilimia 8. Fedha zilizokuwa zimelala kwenye hati za muda mfupi zilianza kutafuta pengine pa kwenda, nazo zikapandisha hisa ambazo kwa miaka miwili hazikuwa na mtu wa kuzitazama.

Hapa panahitaji uangalifu. Ukiangalia tarehe, utaona kwamba hisa zilianza kupanda kabla ya Benki Kuu kupunguza riba hata mara moja. Mapema mwaka 2024, riba ikiwa kileleni, wanunuzi walikwisha kuingia, kwa sababu shilingi iliyoimarika ilimaanisha bidhaa za kutoka nje zingekuwa nafuu, mfumuko wa bei ungeshuka, na Benki Kuu ingepata nafasi ya kulegeza kamba. Mlolongo huo ulikuwa wazi kwa yeyote aliyetaka kuufuata. Mwekezaji aliyesubiri tangazo rasmi la Agosti alinunua alichouziwa na wale walionunua Machi.

Mlango wa pili ambao bei za Nairobi hupitia ni ule wa wageni. Kwa miaka mingi, wawekezaji wa kigeni walichangia sehemu kubwa, katika vipindi fulani zaidi ya nusu, ya biashara yote ya hisa katika soko letu. Mgeni anapoamua kuuza, uamuzi wake mara nyingi hauna uhusiano na kampuni anayoiuza. Kati ya Machi 2022 na Julai 2023, Benki Kuu ya Marekani ilipandisha riba yake kutoka karibu sifuri hadi kati ya asilimia 5.25 na 5.50. Mfuko wa London au New York ambao ulikuwa ukija Nairobi kutafuta mapato yasiyopatikana kwao uligundua kwamba sasa yanapatikana nyumbani, kwa dola, bila hatari ya sarafu. Wenye hisa katika mfuko huo wakadai fedha zao, na meneja akauza kile kinachouzika.

Katika soko letu, kinachouzika ni Safaricom. Hili ni jambo la kimaumbile la soko la Nairobi ambalo kila mwekezaji analazimika kulielewa: kampuni moja ilikuwa na thamani inayozidi nusu ya soko zima, na ndiyo ambayo mgeni angeweza kuuza hisa zake milioni kadhaa bila kungoja mnunuzi kwa wiki nyingi. Hisa iliyokuwa zaidi ya Sh40 Agosti 2021 ilikuwa chini ya Sh15 mwishoni mwa 2023. Ni kweli kwamba kampuni ilikuwa na mzigo wake: ilianza biashara Ethiopia Oktoba 2022, na gharama za kujenga mtandao mpya zilikula faida ya kundi zima. Lakini M-Pesa haikupoteza theluthi mbili ya thamani yake katika miaka miwili. Wakala wa mtaani kwangu hakuacha foleni yake. Sehemu kubwa ya anguko lile ilitokana na watu waliolazimika kuondoka, na waliokuwa wakiondoka kupitia shilingi inayoanguka, wakati dola zenyewe zilikuwa adimu. Kadiri walivyohofia kuchelewa kupata dola, ndivyo walivyokubali bei ya chini ili wawe wa kwanza mlangoni.

Namna matarajio yanavyofanya kazi huonekana hata katika suala la Ethiopia lenyewe. Mwaka 2021, kundi lililoongozwa na Safaricom lilipopata leseni kwa dola milioni 850, hisa ilikuwa ikipanda: soko lililipia ndoto ya zaidi ya watu milioni 100 kabla ya kuona wateja wao. Julai 2024 Ethiopia iliiachia sarafu yake, birr, ipangiwe bei na soko, nayo ikaporomoka kutoka takriban 57 kwa dola hadi zaidi ya 100 katika wiki chache, na matokeo ya nusu mwaka yaliyotangazwa Novemba yalionyesha jeraha hilo. Kwa kipimo cha kawaida, hii ilikuwa habari mbaya kuliko zote zilizotangulia. Hisa haikurudi kwenye shimo la 2023, na mwaka uliofuata ilivuka Sh25. Bei ya chini ya Sh15 ilikuwa imekwisha kuhesabu maumivu mengi ya Ethiopia, na waliotaka kuuza kwa hofu walikuwa wamekwisha kuuza.

Nitoe tahadhari kuhusu kampuni ndogo, kwa kuwa huko ndiko wanaoanza hupotoshwa zaidi. Tazama skrini ya dalali kwa hisa isiyo na wanunuzi wengi. Bei ya jana ilikuwa Sh18.00. Anayetaka kununua anatoa Sh18.00 kwa hisa 2,000. Anayetaka kuuza anadai Sh18.90 kwa hisa 300. Katikati hakuna mtu. Akija mmoja mwenye haraka akachukua zile 300 kwa Sh18.90, na pasiwe na biashara nyingine siku hiyo, taarifa ya jioni itasema hisa imepanda kwa asilimia 5. Biashara yote ilikuwa ya Sh5,670. Kesho mtu mwingine akihitaji karo na kuuza 2,000 kwa yule anayetoa Sh18.00, hisa "itaporomoka". Kampuni haikufanya lolote siku zote mbili. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza kwa nini bei imesogea, tazama ni hisa ngapi zilizobadilisha mikono. Safu hiyo huchapishwa pamoja na bei, na wengi huiruka. Sheria ya Soko inayozuia bei kusogea kwa zaidi ya asilimia 10 kwa siku hupunguza makali ya siku moja, ila haizuii hisa kusukumwa siku tano mfululizo na fedha kidogo.

Sheria za Bunge nazo husogeza bei, na historia ya kikomo cha riba inafaa kusomwa na kila mwenye hisa za benki. Agosti 2016 Rais Uhuru Kenyatta alitia saini sheria iliyozuia benki kutoza zaidi ya asilimia 4 juu ya riba ya msingi ya Benki Kuu. Miswada ya namna hiyo ilikuwa imewahi kuletwa na kuanguka, na wengi waliamini huu nao ungerudishwa bungeni bila saini. Hisa za benki kubwa zikaporomoka kwa kishindo mara baada ya saini. Miaka mitatu baadaye njia ilikuwa tofauti: Oktoba 2019 Rais alirudisha mswada wa fedha bungeni akipendekeza kikomo kiondolewe, hisa za benki zikapanda palepale, na sheria yenyewe ilipotiwa saini Novemba, sehemu kubwa ya faida ilikuwa imekwisha kuvunwa. Saini ya kwanza ilishtua kwa kuwa haikutarajiwa; ya pili haikumshtua yeyote.

Tukija kwenye maandamano ya Juni 2024, somo ni gumu zaidi, na sipendi kulirahisisha. Tarehe 25 waandamanaji waliingia bungeni, watu wakauawa, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia saini mswada wa fedha. Julai Moody's, kampuni inayopima uwezo wa nchi kulipa madeni yake, ilishusha daraja la mikopo ya Kenya, na Agosti wapimaji wengine wawili wakafuata. Hisa zilitikisika, na Yurobondi zetu zikapoteza thamani kwa muda. Shilingi, hata hivyo, ilibaki karibu Sh129 kwa dola, na imekaa hapohapo muda mrefu tangu wakati huo. Baadhi ya maelezo yanajulikana: akiba ya fedha za kigeni iliyokuwa ikiongezeka, fedha zinazotumwa na Wakenya walio ng'ambo, ambazo mwaka 2024 zilikaribia dola bilioni 5, na bili ya mafuta ambayo tangu 2023 inalipwa kwa mkopo wa miezi sita badala ya kutafutiwa dola papo hapo. Lakini bei isiyosogea wakati kila kitu kinachoizunguka kinasogea nayo ni habari, na inastahili kusomwa kwa makini kuliko ile inayoruka. Huenda inaonyesha nguvu. Huenda pia inaonyesha mkono wa Benki Kuu unaonunua na kuuza ili kuizuia isiende upande wowote. Mfanyabiashara anayepanga bajeti ya mwaka kana kwamba Sh129 imechongwa kwenye jiwe anabeba hatari ambayo haionekani kwenye chati, na ningemshauri akumbuke kwamba kati ya mwisho wa 2022 na Januari 2024 sarafu hiyohiyo ilihitaji karibu Sh40 zaidi kununua dola moja.

Kwa mwekezaji mdogo, njia ya kuyafahamu matarajio haihitaji mitambo ya gharama. Mnada wa hati za Hazina hufanyika kila Alhamisi, na Benki Kuu huchapisha kiasi kilichoombwa, kilichochukuliwa na riba iliyokubaliwa. Hapo ndipo benki na mifuko ya pensheni husema kwa fedha zao wanachotarajia. Riba ya hati ikishuka kwa wiki kadhaa kabla ya kikao cha Kamati ya Sera ya Fedha, ambacho hufanyika kila baada ya miezi miwili hivi, basi kupunguzwa kwa riba kumekwisha kulipiwa, na siku ya tangazo usitarajie sherehe. Ni kinyume chake kinachofaa kuogopwa: riba ikiachwa palepale siku ambayo kila mtu alitarajia ishushwe, bei zitaanguka ingawa "hakuna kilichotokea". Takwimu za mfumuko wa bei hutoka mwisho wa mwezi na bei za mafuta tarehe 14. Zisome kwa kuzilinganisha na makisio ya wachambuzi yaliyochapishwa siku chache kabla, kwa maana tarakimu peke yake ni nusu ya habari. Na kampuni ikitangaza faida iliyopanda kwa asilimia 20 huku hisa yake ikishuka, usikimbilie kusema kwamba soko limekosea. Angalia bei ya miezi mitatu iliyopita. Mara nyingi utakuta hiyo 20 ilikwisha kuingia humo.

Kuna mambo ambayo hayatarajiwi kabisa, na hayo ndiyo huumiza wote kwa pamoja. Machi 13, 2020, siku Kenya ilipotangaza mgonjwa wa kwanza wa Covid-19, hisa zilianguka kiasi cha Soko kusimamisha biashara. Septemba 1, 2017, Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa urais, biashara ilisimamishwa pia kwa muda. Walionunua hisa za Safaricom kwa Sh5 mwaka 2008, wengi kwa mikopo, walikutana na msukosuko wa fedha duniani miezi mitatu baada ya hisa kuorodheshwa, na bei ikaenda chini kabisa ya Sh5. Waliokuwa na fedha zao wenyewe waliweza kusubiri, na miaka ikawalipa. Waliokopa waliuza kwa sababu benki ilitaka marejesho ya kila mwezi, nao wakawa wauzaji waliolazimishwa.

Uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 2027, na Februari 2028 inafika tarehe ya kulipa Yurobondi ya dola bilioni 1 iliyouzwa 2018, ingawa Hazina imekwisha kununua sehemu yake mapema. Tarehe zote mbili zinajulikana, kwa hiyo bei hazitazingoja. Hofu ya uchaguzi ikianza kuingia, itaonekana kwanza kwenye minada, pale wanunuzi watakapozikwepa hatifungani za miaka 15 na 20 na kujazana kwenye hati za siku 91, na kwenye safu ya wageni, pale mauzo yao yatakapozidi manunuzi wiki baada ya wiki huku habari za kampuni zikiwa zilezile. Kiasi ambacho bei zitakuwa zimeshuka kufikia Julai ndicho kitakachoamua kama matokeo ya Agosti, yawe yapi, yatazishusha zaidi au yatazipandisha.